TRA Nayo Hudaiwa

Huku kwetu neno kodi likitajwa, kila mtu anajua nani mdai na nani mdaiwa. TRA, Mamlaka ya Mapato, inadai, sisi tunadaiwa. Ukiona mtu mzima amekunja uso nje ya ofisi zao pale mjini, huhitaji kumuuliza kilichompeleka. Leo naomba tuutazame upande wa pili wa shilingi, upande ambao hatuuzungumzi hata kwenye vijiwe vya kahawa: yapo mazingira ambayo Mamlaka ya Mapato ndiyo imekaa na fedha yako, fedha ambayo kisheria si kodi tena kwa sababu umelipa kuzidi ulichopaswa kulipa, na inakusubiri uidai.

Nani huyo? Ni mzabuni wa Manyoni aliyepeleka vifaa shuleni akakatwa juu kwa juu. Ni mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyekadiria mwezi wa tatu kwamba mwaka utakuwa mzuri, kisha mwaka ukamgeuka. Ni kijana wa Itigi aliyepata mkataba wa miezi michache kwenye ujenzi wa reli, akarudi nyumbani. Hawa hawafanani kwa kipato wala kwa elimu. Kinachowakutanisha ni kwamba kodi ilikatwa kwanza, hesabu ikaachwa ije baadaye, na hiyo baadaye haikufika.

Wenzetu wa Marekani wamelifanya jambo hili kuwa habari ya kila mwaka. Mwanzoni mwa 2025 mamlaka yao ya kodi ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 1 na laki 1 walikuwa hawajapeleka ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, za mwaka 2021, na kwamba kwa jumla walikuwa wanaacha zaidi ya dola bilioni 1 za marejesho. Walipewa mwisho, tarehe 15 Aprili 2025. Siku hiyo ikipita, fedha inakuwa mali ya hazina, basi. Kama una ndugu huko anayefanya kazi ghalani au kwenye nyumba za wazee, mwulize kama kila mwaka amepeleka ritani. Huko mtu anayedai marejesho hapigwi faini kwa kuchelewa. Anapoteza tu akipitisha miaka mitatu.

Shikilia hilo la faini, maana tukirudi nyumbani hapo ndipo njia zinapoachana.

Lakini kwanza niseme kwa nini kwetu wazo lenyewe la kurudishiwa kodi linasikika kama mzaha. Wazee wetu wa Unyaturu na Unyiramba wanaikumbuka kodi ya kichwa. Wale wa umri wangu tunaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Kodi ile ulilipa, ukapewa kikaratasi, ukakitunza kwa sababu mgambo angekidai njiani siku ya mnada. Kazi ya risiti ilikuwa kukuepusha na kukamatwa. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja risiti hiyohiyo ingekuwa ushahidi wake yeye dhidi ya Serikali. Tabia ile tumeirithi: tunatunza karatasi ya kodi ili tusisumbuliwe, na msumbufu akishapita tunaitupa.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inasema jambo tofauti kabisa. Mtu aliyelipa kodi kupita kiasi anaweza kumwandikia Kamishna Mkuu kuomba arejeshewe, na muda wa kufanya hivyo ni miaka mitatu. Kamishna ataangalia kwanza kama unadaiwa kodi nyingine. Ikiwa ipo, atakata humo, kinachobaki ndicho chako. Hakuna upendeleo hapo wala huruma. Ni haki iliyoandikwa kwenye kifungu, sawa na ile ya wao kukudai wewe.

Tuchukue mfano wa mzabuni, nikae nao kidogo, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kusema.

Tuseme kuna kampuni ndogo ya watu wawili hapa mkoani. Wameshinda zabuni kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni, wamepata LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, wamepeleka saruji, mabati na madawati kwenye shule za halmashauri. Mwaka mzima mauzo yao ni shilingi milioni 120. Kila walipolipwa walikatwa asilimia 2, kwa sababu Serikali na taasisi zake hukata kodi ya zuio ya kiwango hicho zinaponunua bidhaa. Asilimia 2 ya milioni 120 ni shilingi 2,400,000. Fedha hiyo imeshakwenda TRA kwa jina la kampuni yao. Zingatia kwamba imekatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Aliyekata hakuuliza mabati yalinunuliwa kwa bei gani, wala lori lilikwama mara ngapi kwenye tope la Februari.

Mwaka ukaisha. Wakapiga hesabu wakaona faida halisi ni milioni 5. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo kodi yao ni 1,500,000. Wameshakatwa 2,400,000. Tofauti ni 900,000, na ni yao. Kwa kampuni ya watu wawili, laki tisa ni kodi ya pango la stoo kwa miezi kadhaa.

Sasa wafanye nini waipate? Wapeleke ritani. Ritani ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kuisha, yaani tarehe 30 Juni kwa wanaofuata mwaka wa kawaida. Kwa kampuni, hesabu zile lazima ziandaliwe au zithibitishwe na mhasibu mwenye CPA aliyesajiliwa kutoa huduma hiyo. Mhasibu anataka malipo yake. Hapo ndipo mkurugenzi anapomtazama mwenzake na kusema: tumeshakatwa tayari, kodi hatudaiwi, haraka ya nini?

Sentensi hiyo imewagharimu watu fedha nyingi. Sikiliza kinachotokea.

Sheria hiyohiyo ya 2015 inaweka adhabu kwa anayechelewesha ritani. Kila mwezi, au sehemu ya mwezi, unatozwa kiasi kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo hujalipa, au pointi za fedha, tano kwa mtu binafsi na kumi na tano kwa kampuni. Sheria ilipoanza, pointi moja ilikuwa shilingi 15,000. Nitatumia hiyo, maana pointi ikipanda hesabu yangu inazidi kuuma. Kampuni yetu haidaiwi kodi, kwa hiyo asilimia 2.5 ya sifuri ni sifuri. Lakini sheria inachukua kilicho kikubwa kati ya viwili. Pointi 15 mara 15,000 ni shilingi 225,000. Kwa mwezi mmoja.

Ritani ilitakiwa 30 Juni. Julai imeingia, 225,000 zimekwenda. Agosti, zimefika 450,000. Septemba, 675,000. Na kwa kuwa sehemu ya mwezi huhesabiwa mwezi mzima, asubuhi ya tarehe 1 Oktoba adhabu imefika 900,000. Ile fedha yao yote imeliwa. Kuanzia hapo mambo yanapinduka: waliokuwa wadai wanakuwa wadaiwa. Wakilala hadi Juni nyingine, adhabu ya miezi kumi na miwili ni 2,700,000. Ondoa laki tisa zao, wanadaiwa milioni 1 na laki 8, juu ya mwaka ambao kodi walilipa yote na zaidi.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu akikwambia unayo miaka mitatu ya kudai, amekwambia ukweli nusu. Miaka mitatu ni muda wa kuomba marejesho. Adhabu ya ritani ina saa yake nyingine, na hiyo inahesabu miezi. Saa mbili zinatembea kwa pamoja ukutani, na ile ya haraka ndiyo inayokula.

Jambo hili huwa linanikera, na sitajifanya halinikeri. Adhabu ya kuchelewa naielewa ikiwa mtu amekalia fedha ya umma. Lakini hapa umma ndio uliokalia fedha ya mtu. Laki tisa zilikuwa mikononi mwa hazina muda wote. Aliyecheleweshwa kitu chake ni mwenye kampuni, na ndiye anayeadhibiwa. Nitasikia hoja kwamba Mamlaka inahitaji ritani hata za wasiodaiwa, ili ijue nani yuko wapi. Sawa, inazihitaji. Jirani zetu wa Kenya nao wanazihitaji, na kila Juni utasikia Wakenya wakihangaika na mfumo wao wa iTax hata wale wa ritani ya sifuri. Lakini kule mtu binafsi aliyechelewa hutozwa shilingi zao 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kilicho kikubwa, kwa ritani hiyo moja. Haizaliani kila mwezi. Ni faini inayouma bila kumla mtu.

Bajeti zote za kuanzia 2021 hadi 2025 zilisomwa bungeni na mtu wa huku kwetu, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, alipokuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 2024 Rais Samia aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue kusikiliza malalamiko ya walipakodi nchi nzima. Kwa hiyo siwezi kusema hakukuwa na masikio. Nasema tu kwamba kifungu hiki kidogo, cha kumwadhibu kwa pointi mtu ambaye hadaiwi hata senti, hakihitaji tume kukirekebisha. Kinahitaji sentensi moja kwenye Sheria ya Fedha: ritani isiyo na kodi inayodaiwa itozwe faini mara moja, basi.

Twende kwa kijana wa mkataba. Huyu kesi yake ni nyingine, na kwa namna fulani ana bahati kuliko mwenye kampuni.

Miaka hii ya karibuni mkoa wetu umepitiwa na kazi kubwa. Reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora inakata Manyoni na Itigi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linapita mkoani kwetu. Ikungi kuna mgodi wa dhahabu ulioanza kuzalisha mwaka 2023. Vijana wengi wameajiriwa humo kwa mikataba mifupi: miezi minne, mitano, kazi imeisha, rudi nyumbani.

Tuseme mmoja alikuwa analipwa 800,000 kwa mwezi. Toa mchango wake wa hifadhi ya jamii wa asilimia 10, kinachobaki kutozwa kodi ni 720,000. Kwenye jedwali la mwezi la Lipa Kadri Unavyopata, la viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Na zile 200,000 zilizozidi ni asilimia 20, yaani 40,000. Jumla 60,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miezi mitano, amekatwa 300,000. Miezi saba iliyobaki ya mwaka ule hakuwa na mshahara popote.

Sasa angalia. Jedwali la mwezi limetokana na jedwali la mwaka lililogawanywa kwa kumi na mbili. Kodi ya mtu binafsi inawekwa kwa mwaka. Kwa mwaka mzima kijana huyu amepata mapato ya kutozwa kodi ya 3,600,000. Kiasi kisichotozwa kwa mwaka ni 3,240,000. Zilizozidi ni 360,000, na asilimia 8 yake ni 28,800. Alikatwa 300,000. Tofauti ni 271,200.

Mwajiri hakumwibia. Mwajiri alitumia jedwali la mwezi kana kwamba ajira itaendelea mwaka mzima, na mkataba ukaisha katikati. Lakini kijana anayo hoja ya kupeleka TRA, kwa maandishi, akiwa na mkataba wake, hati za mshahara za miezi yote mitano, na barua ya kumaliza kazi. Na bahati yake ni hii: mtu ambaye mapato yake ni mshahara tu kutoka kwa mwajiri mmoja, ambaye amemkata kodi, hatakiwi kupeleka ritani. Kama hukutakiwa kupeleka, hukuchelewa. Pointi tano za kila mwezi hazimhusu. Saa yake ni moja tu, ile ya miaka mitatu.

Ila angalizo. Ikiwa kijana huyo aliporudi na akiba yake alifungua TIN ya biashara, akaweka duka la vipuri vya bodaboda pale Misigiri, mambo yanabadilika. Ana ritani ya kupeleka, ana makadirio ya kufanya, na huko nyuma kukiwa na mwaka ambao hakupeleka chochote, faili lake lina shimo. TIN ya biashara iliyosahauliwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Wapo waliofunga duka, wakahama, wasiandike barua ya kusimamisha biashara. Duka limekufa, TIN iko hai, na kila mwaka mfumo unaihesabia.

Nigusie kwa kifupi wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 100. Ninyi mnalipa kwa jedwali la mauzo, na humo mauzo yasipozidi milioni 4 hakuna kodi. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu, hulipa 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kama umeuza milioni 5, huyu wa daftari analipa 30,000. Elfu sabini ni bei ya daftari ngapi? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sidhani kama walikuwa wanaiwaza TRA, lakini wamelenga palepale.

Mwenye mashine ya alizeti sijamsahau. Yeye mauzo yake ni makubwa kuliko hayo, kwa hiyo mwezi wa tatu alitakiwa kukadiria faida ya mwaka na kulipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Machi bei ya mbegu ilikuwa nzuri na mashudu yalikuwa na soko. Akakadiria kwa moyo mweupe. Msimu ukafika, mafuta kutoka nje yakajaa madukani, bei ya alizeti ikashuka, magunia yakalala. Awamu za Machi na Juni alishalipa kwa makadirio ya furaha.

Kosa linalofanyika hapo, na wahasibu wa mjini wanaliona kila mwaka, ni mtu kuacha kila kitu. Anasema: hasara hii inatosha, sitaki hata kuiona karatasi. Haendi kurekebisha makadirio, wakati sheria inamruhusu kuyashusha ndani ya mwaka hali inapobadilika. Hapeleki ritani ya mwisho. Kwa hiyo kwenye kompyuta za TRA mwaka wake bado ni ule wa makadirio ya Machi, mwaka wa neema, na awamu mbili zilizobaki zinaonekana ni deni. Mwenye hasara anasomeka kama mkwepaji. Ritani ndiyo peke yake inayoweza kusema: hapana, huyu mwaka huu hakupata, na kile alicholipa Machi na Juni kinamzidi.

Nimesema ritani mara nyingi. Niseme pia karatasi, kwa sababu wengi wanakwama hapo hata wakiwa na haki.

Anayekukatia kodi ya zuio anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na kukupa cheti. Cheti hicho ndicho mdomo wako. Bila cheti, ukidai kwamba ulikatwa 2,400,000, TRA wataangalia kwenye mfumo. Wasipoikuta, wewe ni mtu unayesema tu. Na inatokea kwamba fedha ilikatwa kwenye malipo lakini taarifa haikuingizwa kwa TIN yako, au imeingizwa kwa namba yenye tarakimu moja iliyokosewa. Usisubiri Juni kugundua hilo. Kila ukilipwa na halmashauri, shule, hospitali au mgodi, mfuate mhasibu aliyekulipa wiki hiyohiyo umwombe cheti. Atakukunjia uso. Mvumilie. Baada ya miezi kumi huenda atakuwa amehamishiwa Kigoma, na aliyekuja hakujui.

Na kumbukumbu zako zitunze miaka mitano, ndivyo sheria inavyotaka. Risiti za EFD zile za karatasi laini zinafutika wino zikikaa kwenye joto la duka la bati. Zitoe nakala au zipige picha siku ileile.

Waliosajiliwa VAT nawapitia upesi, kwa sababu wao wana wahasibu: tangu Julai 2023 usajili wa lazima ni kwa mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka, ritani ni kila mwezi, kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita, na risiti ya manunuzi iliyozidi miezi sita haidaiki tena. Saa yao inakwenda mbio kuliko zote.

Sasa, aliyekwisha kuchelewa afanye nini? Wengi mnaonisikiliza mko hapo.

Kaa chini na mhasibu kabla hujagusa mfumo. Si fundi wa kujaza fomu anayekaa na kompyuta nje ya ofisi, namaanisha mtu anayejua kusoma hesabu. Andika kila mwaka peke yake: nilikatwa nini, nililipa nini, nilipaswa kulipa nini, na ritani imechelewa miezi mingapi. Utaona mara moja mwaka gani una fedha yako na mwaka gani adhabu imeshaipita. Ukiwa na picha hiyo mkononi, peleka ritani zote, sio ule mwaka mmoja wenye faida. Kuchagua mwaka mtamu na kuacha michungu hakufanyi kazi, maana nimeshakwambia, Kamishna hukata deni kwanza.

Pamoja na ritani, andika barua mbili. Moja ya kuomba marejesho, ukiambatanisha vyeti. Nyingine ya kuomba kupunguziwa au kusamehewa adhabu, ueleze sababu yenye uzito na ushahidi wake: ulilazwa, duka liliungua, cheti cha zuio ulipewa baada ya mwaka. Sheria inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kusamehe riba na adhabu, yote au sehemu, palipo na sababu ya msingi. Hakuna anayekuahidi jibu la ndiyo. Lakini asiyeandika hana hata la hapana la kukatia rufaa. Na hizo barua zigongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Ukiona uamuzi haukukutendea haki, pingamizi linapelekwa ndani ya siku 30, na baada ya hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi. Ipo pia Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, kwa wale ambao tatizo lao ni kuzungushwa.

Usikatae pia kama TRA watapendekeza kwamba badala ya kukupa fedha taslimu, kiasi kile kihamishiwe kwenye kodi yako ya mwaka unaofuata. Kwa mfanyabiashara anayeendelea, laki tisa zilizoingia kwenye awamu ya Machi ni laki tisa ambazo hakuzitafuta Machi. Kwa kijana wa mkataba aliyerudi kulima vitunguu, hilo halina maana, naye aseme hivyo.

Wapo wanaongojea msamaha. Wanakumbuka mwaka 2018, Serikali ilipotoa msamaha wa asilimia 100 wa riba na adhabu kwa wenye malimbikizo, mradi walipe kodi yenyewe. Ulikuwa msamaha wa kweli, na uliwasaidia watu. Lakini ule uliondoa riba na adhabu. Haukurudisha nyuma miaka mitatu ya kudai marejesho. Anayeukalia mkeka akingoja msamaha mwingine anaweza kufutiwa adhabu na bado akakuta fedha yake imepitwa na wakati.

Nimalizie na swali ambalo msikilizaji mmoja wa Mkalama alituandikia baada ya kusikia tangazo la kipindi hiki. Anasema: mimi nina miaka miwili sijapeleka ritani. Nadhani mwaka mmoja nilikatwa kuzidi. Lakini naogopa. Nikienda kudai laki tatu zangu, si nitakuwa nimemwamsha aliyelala?

Ndugu yangu, nitakujibu bila kukuzungusha. Ndiyo, utamwamsha. Faili lako litafunguliwa lote, na mwaka ule mwingine utaonekana. Lakini hesabu ya pointi tano kwa mwezi, kwa kiwango kile cha mwaka 2015, ni shilingi 75,000, na haihitaji mtu awe macho ili iendelee. Inahesabika usiku huu tunapozungumza. Kwa laki tatu zako una miezi mitatu tangu Juni 30 ritani ilipotakiwa; wa nne ukiingia tu, zimeliwa zote. Kama imepita, kaa na mhasibu mwone ni kiasi gani kinaweza kuombewa msamaha, na kama mwaka ule wa pili una hasara inayoweza kuthibitishwa. Kama haijapita, usingoje kipindi cha wiki ijayo. Kesho ni siku ya kazi na ofisi zinafunguliwa asubuhi.